Niliyojifunza katika upimaji wa akili za watoto, Mtwara na Lindi

Katika shule za msingi za huku kwetu Kusini, mtoto anayefika darasa la tatu bila kumudu kusoma, kuandika na kuhesabu hupewa jina haraka. Wenzake humwita mzito, baadhi ya walimu humwita mvivu, na nyumbani watu huanza kuulizana ni nani aliyemtupia jicho. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwapokea watoto wa namna hiyo kutoka Newala, Tandahimba, Masasi na vijiji vya Lindi, kuwafanyia uchunguzi wa awali, na kukaa karibu na mwanasaikolojia pale anapokuja kuwapima kwa vipimo rasmi vya akili. Vipimo hivyo havitolewi na kila mtu, kwani vinahitaji aliyevisomea; lakini mimi ndiye ninayemfahamu mtoto kabla hajaingia chumbani, na ndiye ninayebaki naye mgeni akishafunga mkoba wake na kuondoka. Nikiwa katika nafasi hiyo nimefikia imani moja ambayo natamani wazazi na walimu wenzangu waipate mapema: kipimo cha akili kinaweza kumsaidia mtoto sana, na msaada huo hutoka katika sehemu zinazoijenga namba ya jumla, katika namna mtoto alivyokosea, na katika mambo yaliyosimama kati yake na swali siku ile. Namba yenyewe ikisomwa peke yake inaweza kumfunga mtoto maisha yake yote.

Chimbuko la vipimo hivi linafanana na kazi yetu kuliko wengi wanavyodhani. Ufaransa iliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima mwaka 1882, na walimu wakajikuta na watoto ambao awali wasingefika shuleni kabisa, wengine wakiwa hawafuati masomo hata kidogo. Serikali iliunda tume mwaka 1904, na mwaka uliofuata Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo chenye kazi 30 zilizopangwa kuanzia nyepesi hadi ngumu: kuonyesha viungo vya mwili, kurudia tarakimu zilizotamkwa, kulinganisha uzito wa vitu viwili, kueleza maana ya maneno. Binet alitaka kujua ni mtoto gani anahitaji kufundishwa kwa namna ya pekee, na aliwapinga waziwazi waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha pangwa, kisichoongezeka. Alifariki mwaka 1911. Mwaka 1912 William Stern wa Ujerumani akapendekeza kugawanya umri wa kiakili kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akalizidisha jibu hilo kwa 100 na kueneza ile namba ambayo leo kila mtu anaiita IQ.

Siku hizi umri haugawanywi tena. Tangu kazi za David Wechsler, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kipimo chake cha watoto kilitoka mwaka 1949, mtoto hulinganishwa na wenzake wa umri uleule: wastani wa kundi huwekwa kuwa 100, na mtawanyiko hupangwa hivi kwamba karibu theluthi mbili ya watoto huangukia kati ya 85 na 115, na takriban wawili tu katika kila mia huwa chini ya 70. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba mwanawe amepata 92 hajaambiwa kwamba mtoto amekosa alama nane za kukamilisha akili, kama nilivyowahi kusikia baba mmoja akilalamika. Ameambiwa kwamba mtoto yumo katikati ya wenzake. Tena hata hiyo 92 haisimami mahali pamoja. Kipimo kizuri chenyewe hukiri kwamba alama ya kweli inaweza kuwa tano au sita juu au chini yake, na ripoti inayoficha nafasi hiyo haijamtendea haki mtoto.

Toleo la tano la kipimo cha Wechsler, lililotoka mwaka 2014 kwa ajili ya watoto wa miaka 6 hadi 16, hutazama maeneo matano. Sitataja maswali yenyewe, kwa sababu yakisambaa kipimo kinakufa, ila namna ya kazi zake si siri. Mtoto huulizwa maana ya maneno na jinsi vitu viwili vinavyofanana. Hupewa vipande vya mchemraba vyenye pande nyekundu na nyeupe apange umbo aliloonyeshwa. Hutazama mfuatano wa picha na kutafuta kinachopaswa kufuata. Hurudia tarakimu kwa mbele kisha kwa kinyumenyume. Na hunakili alama ndogondogo upesi huku saa ikihesabu. Kila eneo lina alama yake. Hapo ndipo macho ya mwalimu yanapotakiwa kukaa muda mrefu, na ndipo, kwa uzoefu wangu, yanapokaa muda mfupi kuliko kokote.

Mtoto aliyenifundisha hilo kuliko wote ni kijana wa miaka tisa kutoka upande wa Tandahimba. Aliletwa na mjomba wake, kama ilivyo desturi katika familia nyingi za Kimakonde, ambamo neno la mjomba lina uzito juu ya mtoto wa dada yake. Shuleni walikuwa wameandika kwamba hasikii maagizo na hana bidii. Nilipomuuliza mjomba hali ya nyumbani, alifikiri kidogo kisha akasema, "Mwalimu, huyu ukimtuma chumvi na kiberiti, analeta chumvi. Wala si mkaidi. Anarudi mbio kuuliza cha pili kilikuwa nini." Sentensi hiyo niliiandika kama ilivyo na kumpa mwanasaikolojia kabla hajaanza. Mjomba alieleza pia kwamba akiwa na miaka minne mtoto alipatwa na malaria iliyompanda kichwani, akapata degedege, akalazwa hospitali bila fahamu.

Katika kipimo, kijana huyu alieleza ufanano wa vitu vizuri kabisa kwa mtoto wa umri wake. Katika picha zinazofuatana alikuwa mwepesi. Alikunja uso, akagusa majibu mawili kwa kidole, akaliacha moja na kuchagua sahihi. Ilipofika zamu ya tarakimu, zile mbili alizirudisha, zile tatu zikampotea. Alitaja ya kwanza, akatazama dari, kisha akataja ya mwisho. Kwa kinyumenyume hakuweza kabisa. Yote yalipojumlishwa namba ilitoka chini kidogo ya 80, na mtu ambaye angeisoma namba hiyo peke yake angemwona mtoto aliye dhaifu kidogo katika kila jambo. Mtoto wa namna hiyo hakuwapo chumbani. Aliyekuwapo alifikiri sawasawa na wenzake, ila kile anachokisikia hakikai kichwani muda wa kutosha ili akitumie. Mwanasaikolojia aliandika wazi kwamba tofauti kati ya maeneo ni kubwa mno, kwa hiyo alama ya jumla isitumike kumweleza mtoto huyu, nami hadi leo namshukuru kwa mstari huo mmoja.

Uhusiano wake na malaria hauwezi kuthibitishwa kwa mtoto mmoja, lakini si dhana tupu. Watafiti waliowafuatilia watoto waliougua malaria ya ubongo jijini Kampala, Uganda, walikuta kwamba miaka miwili baadaye takriban robo yao walikuwa na upungufu katika uwezo fulani wa kiakili, na upungufu huo ulionekana kwa sababu walipimwa kwa vipimo vya namna hii. Katika mikoa kama yetu, ambayo malaria bado inalaza watoto wengi, hili ni jambo la kuulizwa kwa kila mzazi: je, aliwahi kupata degedege, alikuwa na umri gani, alikaa bila fahamu kwa muda gani?

Darasani mabadiliko yalikuwa madogo na ya bei ndogo. Mwalimu wake alikubali kumpa agizo moja kwa wakati mmoja, na yakizidi, kuyaandika ubaoni. Alihamishiwa mbele. Hesabu za kichwani alifanya kwa vifuniko vya soda mezani, ili zile namba zikae mbele ya macho badala ya kutegemea masikio. Nyumbani mjomba alianza kumfundisha kuvitaja kwa sauti njiani vitu alivyotumwa. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anasoma aya fupi na kueleza alichosoma. Ukimsomea wewe bado humpotea, na tumekubaliana kwamba hiyo si sababu ya kumchapa.

Kuna eneo jingine ambalo sikuzote hulisoma kwa tahadhari, nalo ni lile la kasi. Mjukuu wa mchonga vinyago mmoja wa huko juu uwandani alipewa karatasi ya kunakili alama, kazi inayopimwa kwa dakika mbili. Alishika penseli wima, akachora kila alama kwa utulivu wa ajabu, mistari ikiwa imenyooka na ncha zimekutana. Muda ulipokwisha alikuwa amejaza sehemu ndogo tu ya karatasi, na alishangaa kunyang'anywa kazi ambayo hajaimaliza. Alama yake katika eneo hilo ilikuwa ya chini sana. Nilipomweleza babu yake, aliniambia kwamba kwake mtoto anayeharakisha haruhusiwi kugusa patasi, kwa sababu mpingo ukishakatwa vibaya hauungiki. Mtoto alikuwa ameelekezwa kwa maneno afanye haraka, akasikia, lakini mkono wake ulikuwa umelelewa miaka mingi kufanya kinyume. Je, tuseme ubongo wake ni mzito? Mimi nasema hapana, ingawa nakubali pia kwamba mtihani wa taifa utamdai kasi hiyohiyo, kwa hiyo kujua kwamba anaandika taratibu kuna faida, mradi sababu yake iandikwe kando ya alama.

Jambo linalonikera zaidi ni lugha na adabu ya kuzungumza na mkubwa. Mtoto wa kijijini Newala huongea Kimakonde na bibi yake tangu anapoamka, hukutana na Kiswahili cha shule akiwa darasa la awali, na hufunzwa kwamba mbele ya mtu mzima mgeni hujibu kwa kifupi na macho yakiwa chini. Sasa huyu awekwe kwenye kiti, mgeni amketie mbele, amuulize maana ya maneno mfululizo, na kila anachoongeza kinaongeza alama. Kimya chake kitahesabiwa kuwa sifuri. Nimewaona wasichana hasa wakipoteza alama nyingi kwa njia hiyo, wakijua jibu, wakingoja kuambiwa kwamba inaruhusiwa kusema zaidi.

Kanuni za kipimo hazimruhusu mpimaji kubadili maneno ya swali wala kulirudia apendavyo, na nadhani kanuni hizo ni sahihi, kwa kuwa bila hizo alama za watoto wawili haziwezi kulinganishwa. Lakini ipo njia halali ambayo wanasaikolojia wanaijua na ambayo si wote wanaojipa muda wa kuitumia. Kipimo kikishamalizika kama kilivyoagizwa, mpimaji anaweza kurudi kwenye maswali yaliyokosewa ili kuona mtoto angefika wapi kama kizuizi kingeondolewa. Majibu ya awamu hii hayaongezwi kwenye alama. Huandikwa katika maelezo. Tulifanya hivyo kwa binti mmoja wa darasa la pili ambaye sehemu ya maneno ilikuwa imempa alama za kusikitisha. Bibi yake aliingia akaketi kwenye mkeka pembeni, mwalimu wa darasa la awali akamuuliza maswali yaleyale kwa Kimakonde, na binti akaanza kueleza kwa mikono na mdomo, mpaka bibi mwenyewe akamwambia apunguze sauti. Mengi kati ya yale aliyokosa aliyajua. Ripoti yake ikaandikwa kwamba ufahamu wake wa maneno ni mzuri katika lugha ya nyumbani na kwamba anachohitaji ni Kiswahili, jambo ambalo mwalimu anaweza kulifanyia kazi keshokutwa asubuhi.

Watu wengi, walimu wakiwemo, hudhani kwamba tatizo hili huisha ukitumia vipimo visivyo na maneno. Maarufu zaidi ni kile cha John Raven cha mwaka 1938, ambacho toleo lake la rangi la mwaka 1947 lina maswali 36 na huwafaa watoto wa miaka 5 hadi 11: mtoto huona umbo lenye pengo na kuchagua kipande kinachofaa. Nakipenda kipimo hiki, na kwa watoto viziwi au wasiojua Kiswahili ni msaada mkubwa. Hata hivyo, kuisoma picha bapa kwenye karatasi ni jambo la kujifunza, na mtoto aliyekulia kwenye nyumba isiyo na kitabu hata kimoja huanza nyuma ya yule aliyezoea kupanga vipande vya picha sakafuni. Katika eneo la Embu, Kenya, watoto wa kijijini walipimwa kwa kipimo cha Raven mwaka 1984, na mwaka 1998 wakapimwa wengine wa umri uleule. Kundi la pili lilipata alama za juu zaidi kwa kiasi kikubwa, na watafiti wakahusisha ongezeko hilo na elimu ya wazazi, lishe na muundo wa familia. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka 14. Kilichobadilika ni mazingira waliyokulia watoto.

Robert Serpell naye, aliyefanya kazi miaka mingi nchini Zambia, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo kwa njia mbalimbali. Wazambia waliwashinda Waingereza walipotumia waya, Waingereza wakawashinda walipotumia penseli na karatasi, na kwa udongo wa kufinyanga wakawa sawa. Yeyote aliyewaona watoto wa Lindi wakitengeneza gari la waya lenye usukani unaogeuza matairi, au wakicheza bao na kukadiria kete zitaishia shimo gani, hatashangazwa na matokeo hayo. Ninapotafuta uwezo wa mtoto wa kupanga vitu katika nafasi humwomba pia aniletee alichotengeneza, na kama nyumbani wanachimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, humuuliza anaijuaje sehemu yenye mizizi kabla hajaanza kuchimba. Jibu lake huwa na kumbukumbu, ulinganishaji na hitimisho, yaani mambo yaleyale yanayotafutwa na kile kitabu cha picha. Halina alama wala jedwali, kwa hiyo halichukui nafasi ya kipimo, lakini hunionya pale namba inapotofautiana sana na mtoto ninayemwona.

Majedwali yenyewe lazima yatajwe. Alama ghafi ya mtoto hugeuzwa kuwa namba ya mwisho kwa kumlinganisha na kundi la watoto waliopimwa wakati kipimo kinatengenezwa, na kwa toleo la tano la Wechsler kundi hilo lilikuwa watoto 2,200 wa Marekani. Mtoto wa Nachingwea anapoambiwa kwamba amepata 74, ameambiwa mahali ambapo angesimama kama angewekwa miongoni mwao. Hilo lina maana ikiwa tutalitumia kuonyesha ni wapi mtoto mwenyewe ana nguvu na wapi ni dhaifu. Halina maana tukilitumia kuamua nani anastahili dawati.

Nasema hivyo kwa sababu nimeombwa kufanya hilo la pili. Shule moja iliwahi kutaka barua ya matokeo ili iwe sababu ya kuwarudisha nyumbani watoto ambao wangeshusha wastani wa ufaulu. Tulikataa, na mzozo uliofuata uliniumiza moyo kuliko nilivyoonyesha siku ile. Nchini Marekani kwenyewe, mahakama katika jimbo la California iliamua mwaka 1979, katika kesi inayojulikana kama Larry P., kwamba vipimo vya IQ visitumike kuwapeleka watoto weusi katika madarasa ya waliodhaniwa kuwa na ulemavu wa akili, baada ya kuonekana kwamba watoto hao walijaa katika madarasa hayo kupita kiasi. Ikiwa waliotengeneza kipimo wamelazimika kujizuia hivyo, sisi tunaokitumia mbali na kilipozaliwa tunapaswa kuwa waangalifu zaidi.

Utafiti ulionipa matumaini kuliko wote ulifanyika hapa Tanzania, katika shule za Bagamoyo. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima wanafunzi kwa kazi za kupanga makundi, kufikiri kwa hatua na kubahatisha kwa kuuliza maswali. Kisha waliwafundisha kwa muda mfupi, pungufu ya saa moja, mbinu za kuzikabili kazi hizo, na kuwapima tena. Alama zilipanda, na zaidi ya hapo, mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ulibadilika: mtoto aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima nyuma mara ya pili. Kile ambacho mtoto hufanya baada ya kuonyeshwa kidogo kilieleza uwezo wake vizuri kuliko kile alichofanya akiwa hajawahi kukutana na kazi kama ile.

Tangu nilipouelewa utafiti huo, uchunguzi wangu wa awali una sehemu ya kufundisha. Humpa mtoto kazi ya kupanga, tuseme picha za wanyama na vyombo, nikaona anavyofanya peke yake. Kisha namwonyesha namna moja ya kupanga, nampa nyingine isiyofanana nayo, na ninaangalia kama amekihamisha alichojifunza. Mtoto anayekosa mwanzoni na kuhamisha mbinu baada ya mfano mmoja ni tofauti kabisa na yule anayehitaji mifano mingi na bado anarudi alikoanza, ingawa kwenye kipimo cha kawaida wote wawili wanaweza kutoka na namba ileile. Wa kwanza alikosa kufundishwa. Wa pili anahitaji mpango wa kujifunza wa kwake mwenyewe, wenye hatua ndogo, na anaustahili bila mtu yeyote kumwonea aibu.

Kabla ya haya yote kuna masikio, macho na tumbo. Ni mambo mepesi kuyasema, nayo husahaulika. Mtoto mwenye usaha sikioni hawezi kurudia tarakimu alizozisikia nusu, kwa hiyo simpeleki yeyote kwenye kipimo kabla hajapimwa masikio na macho katika zahanati au hospitali. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kunywa hata uji, akapimwa saa saba mchana, atapimwa njaa. Napendelea asubuhi, baada ya uji, na si katikati ya msimu wa korosho, wakati wengi huwa wameshinda mashambani wakiokota na wamekosa masomo kwa wiki kadhaa. Na kwa kuwa huku kwetu chumvi hutoka mashimoni jirani, nami nimeona ikiuzwa kwa kopo bila kupitia mahali popote pa kuongezewa madini joto, huwakumbusha akina mama wajawazito kwamba upungufu wa madini hayo huathiri ubongo wa mtoto kabla hajazaliwa, kwa kiasi ambacho hakuna mwalimu atakayeweza kukirudisha.

Wapo watoto ambao, baada ya vizuizi vyote kuondolewa, bado hupata chini ya 70, na sitaki maneno yangu yawafiche. Hata kwao namba haitoshi kusema kwamba wana ulemavu wa akili. Taratibu za kitaalamu zinataka pia mtoto awe na ugumu katika maisha ya kila siku, yaani katika mawasiliano, katika kuishi na watu na katika kujihudumia, na ugumu huo uwe umeanza utotoni. Binti mmoja wa miaka kumi na miwili kutoka pwani ya Lindi alipata alama za chini karibu katika kila eneo. Lakini mama yake, anayekaanga samaki, alisema humwachia meza akienda kuswali, na binti hupanga mafungu kwa bei, hujua mteja gani ana deni, na hurudisha chenji bila kukosea mradi noti isizidi elfu mbili. Noti ya elfu kumi humtuma mdogo wake kuibadilisha kwa jirani. Tuliandika yote hayo. Alibaki katika shule ya kawaida, akifundishwa hesabu kuanzia kwenye mafungu na chenji, na lengo la muhula wa kwanza likawa kumudu chenji ya noti ya elfu tano.

Kwa hiyo mzazi anayekabidhiwa ripoti ya mwanawe na aulize bila woga: alipimwa kwa lugha gani, na nyumbani anaongea ipi? Alikuwa amekula? Masikio na macho yalichunguzwa lini? Maeneo yake yanatofautiana kiasi gani, na lililo juu kabisa ni lipi? Alipoonyeshwa mfano, alifanyaje? Mwalimu afanye nini Jumatatu? Mpimaji anayeijali kazi yake atafurahi kuulizwa, na ripoti isiyoweza kujibu maswali hayo irudishwe ikamilishwe kabla haijaingia kwenye faili la shule, kwa sababu faili humfuata mtoto mpaka kwa walimu ambao hawatapata nafasi ya kukaa naye chumbani.

Kijana wa Tandahimba atapimwa tena atakapomaliza darasa la nne. Tumeomba awe mwanasaikolojia yuleyule, kazi ianze asubuhi, na mjomba awepo. Tutaangalia zaidi eneo la tarakimu, ili tujue kama limeanza kupanda au kama mwalimu wa darasa la tano aandaliwe kuendelea na maagizo ya ubaoni. Nakala ya ukurasa wenye maelezo, bila ule wenye namba ya jumla, tayari iko kwa mwalimu mkuu.